Uso Usioenea kwenye Libaya

Miaka ile, mama yeyote wa Bunia aliyekuwa na libaya ya Mama Adeline aliivaa kola ikiwa imejikunja kidogo nyuma ya shingo, kama vile imejikunja yenyewe. Haikujikunja yenyewe. Aliikunja mbele ya kioo kabla ya kutoka nyumbani, ili anayemfuata barabarani, au anayepiga magoti nyuma yake kanisani, aisome etiketi nyeusi yenye herufi nyeupe: ADELINE – BUNIA. Libaya ni blauzi tu ya kuvaa na kikwembe, kile kitenge cha kujifunga kiunoni, na kila fundi wa mji aliishona. Lakini ndani ya libaya ya Adeline, mama mwenye bega moja lililoinama alionekana ana mabega sawa, na aliyezaa watoto tisa alirudishiwa kiuno chake.

Hakuna mtu aliyemfundisha kazi hiyo. Alitoka pande za Mahagi, mtoto wa katekista, na alipokuwa msichana alinunua nguo kuukuu za Ulaya sokoni si za kuvaa bali za kufumua. Alifumua mshono mmoja baada ya mwingine, akalaza vipande mezani, akavichora juu ya karatasi za mifuko ya saruji. Kisha aliishona nguo ile upya. Ikikataa, aliifumua tena. Kuna koti moja la kike alilifumua mara kumi na moja mpaka akaelewa kwa nini mkono wake hauvuti begani. Tabia ile ilimbakia. Hakusema kitambaa ni kizuri au kibaya kabla ya kukilaza na kukipima, na watu pia aliwachukulia vivyo hivyo. Akiletewa maneno juu ya fulani, alijibu “Ngoja kwanza,” akaendelea kuweka pini.

Alifika Bunia na mashini moja ya kushona. Baadaye zikawa sita, katika chumba kikubwa kando ya boulevard. Wake wa magavana walikuja. Kisangani, kwenye onyesho la mavazi, wasichana kumi na wawili walipita na nguo zake na ukumbi mzima ukasimama. Gazeti la Kinshasa likatoa picha yake ameshika mkasi na kuangalia pembeni, kwa sababu hakupenda kamera. Wafanyabiashara wa Ariwara walimletea vitambaa kwa mizigo, na hukohuko Ariwara fundi mmoja akaanza kushonea nguo zake etiketi za Adeline za uongo. Watu walimwambia Adeline aende kushtaki. Yeye aliomba aletewe moja, akaigeuza ndani nje, akaiangalia kwa muda mrefu.

“Mushono haiko mubaya,” alisema. “Aweke jina yake mwenyewe.”

Halafu vita ikaingia, na katika mwaka wake wa nne makundi ya wapiganaji yalikuwa bado yanapokezana mji. Bunia iligawanyika mtaa kwa mtaa. Mtu aliulizwa anatoka wapi kabla ya kuulizwa habari ya asubuhi. Lakini mbele ya chumba cha Adeline kulikuwa na benchi refu la mbao, na juu ya benchi lile akina mama wa kila upande waliketi bega kwa bega wakingoja kupimwa. Aliyefika kwanza alipimwa kwanza. Hakuna aliyezungumzia hapo nyumba ya nani imechomwa na nani. Solange, fundi wake mkubwa, alikuwa mtu wa Djugu. Shamba la baba yake liliteketezwa mwaka wa kwanza wa vita, akafika Bunia na kikwembe kimoja mwilini. Naye alipokuwa kwenye mashini alishonea kila mtu.

Siku ya Jumatatu, saa nne asubuhi, gari la kundi lililoshika mji wakati ule lilisimama mbele ya benchi. Alishuka Komanda Rodrigue, kijana wa miaka thelathini hivi, mwenye viatu safi na sauti ya upole, ambaye kazi yake ilikuwa kutayarisha mikutano ya mkubwa wao. Askari wawili walimfuata wakiwa wamebeba majora ya kitambaa.

“Jambo, Mama Adeline. Tumekuya kuomba kazi.”

“Jambo, komanda. Batu bako kwa benchi, unaona. Wa mwisho ni Mama Chantal.”

Mama Chantal, muuza samaki wa chumvi kutoka ziwani, alisogeza makalio yake makubwa kidogo. “Nafasi iko, komanda. Harufu ni ya samaki tu, kaa bila woga.”

Akina mama waliangalia chini ili wasicheke. Rodrigue yeye alicheka, lakini hakuketi. Alifungua jora moja juu ya meza ya kukatia. Kitambaa kilikuwa cha kijani, na katikati yake, ndani ya duara kubwa kama sinia, kulikuwa na uso wa mkubwa wao, anatabasamu. Kila baada ya hatua moja ya kitambaa, uso mwingine.

“Mercredi ya wiki inakuya, mukubwa atasema na batu kwa uwanja wa mpira,” alisema Rodrigue, akimaanisha Jumatano. “Wageni batakuwako, hata wazungu wa kamera. Banamama makumi ine batakaa mbele, bote na nguo hii. Na jina yako ninataka ionekane. Hapana ndani ya kola.” Aligusa bega lake. “Hapa. Inje.”

“Jina ni ya nini, kama kitambaa iko na sura tayari?”

“Mama, kitambaa tunanunua. Bunduki tuko nazo. Jina yako ndiyo hatuna. Batu bakiona Mama Adeline ameshona, batajua mji muzima iko na siye.”

Nyuma ya chumba mashini ya Solange ilinyamaza. Kisha zile nyingine nazo zikanyamaza, moja baada ya nyingine.

“Acha kitambaa,” alisema Adeline. “Nitapima.”

“Kwa hiyo umekubali?”

“Nimesema nitapima. Rudi kisha siku ine, vendredi.”

Gari lilipoondoka, Solange aliinuka. Alikata uzi wa kazi aliyokuwa nayo, akaikunja vizuri, akaiweka mezani mbele ya Adeline.

“Yaya,” alisema, kwa maana kwake Adeline alikuwa dada mkubwa, “ule mwenye kuwa kwa kitambaa, batu bake ndio balichoma kwetu.”

“Najua.”

“Na utashona sura yake?”

“Sijakata bado, Solange.”

“Kati ya kupima na kukata kuko nini?”

“Kuko siku ine.”

“Basi mi nitazingojea kwangu,” alisema Solange, akachukua kitambaa chake cha kichwa akatoka. Jumanne hakuja, wala Jumatano.

Adeline hakuwa jasiri zaidi ya watu wengine. Alijua wanaofungwa wanafungiwa wapi, na alijua wanawake sita na watoto wao wanakula kwa zile mashini. Lakini hofu haikumzuia kufanya kazi kwa namna yake. Alitaka kujua, kabla ya kukataa, anakataa kitu gani hasa. Kwa hiyo alilaza kitambaa mezani akaupima uso wa mkubwa kutoka sikio hadi sikio: sentimita arobaini na nne. Akashusha kutoka ukutani karatasi zake za saruji, za mama mwembamba, za mama wa kati, za mama mnene, akaziweka moja moja juu ya uso ule.

Alijaribu siku tatu bila hila. Uso ukiwekwa kifuani, kwapa lilikula masikio yote mawili, na pinsi, ule mshono wa kubana nguo chini ya ziwa, ilipita katikati ya jicho. Ukiwekwa mgongoni, zipu ilipasua pua. Aliusogeza juu, ukapoteza kidevu. Aliuteremsha, ukapoteza paji. Alhamisi saa nane mchana alikaa chini akanywa maji, akaelewa. Wale watu walipoagiza kitambaa hawakuuliza fundi hata mmoja. Walifikiria ukubwa wa mtu wao, kwamba aonekane mpaka nyuma ya uwanja. Hawakufikiria kwamba atavaliwa na mwanamke mwenye matiti, mikono na kiuno.

Ijumaa, Rodrigue aliporudi, benchi lilikuwa limejaa na Solange alikuwa amesimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje. Maneno yalikuwa yamezunguka mji kwamba siku ya nne imefika. Adeline alikuwa amevisha sanamu yake ya kushonea, ile ya mbao yenye umbo la mwanamke, vipande vya kitambaa cha kijani vilivyoshikwa kwa pini.

“Komanda, karibia uone. Kwa kifua iko hivi.”

Aliikaza pinsi. Jicho la kushoto la mkubwa lilijifinya, mdomo ukapinda.

“Lakini anaangalia kando!” alisema Rodrigue.

“Ni pinsi. Bila pinsi, mama atavaa libaya kama mufuko. Nikiweka kwa mugongo, zipu inapasua pua. Nimepima mara nyingi. Uso muzima unaenea nafasi mbili tu.” Adeline aligusa tumbo la sanamu, kisha akaizungusha akagusa nyuma, chini ya kiuno. “Hapa, ao hapa.”

Benchi zima lilinyoosha shingo.

“Hapo pa pili,” alisema Mama Chantal, “mi niko na nafasi hata ya sura mbili.”

Kicheko kilianza mwisho wa benchi kikafika mwanzo. Hata askari mmoja aligeukia barabara, mabega yanamtikisika. Rodrigue uso wake ulibadilika. Upole ulibaki kwenye sauti tu.

“Mama Adeline, ulipewa kazi, hapana mchezo.”

“Haiko mchezo. Kipimo iko mezani. Shika metre upime mwenyewe.”

Hakuishika. Alizunguka sanamu mara moja, akiwaza, kisha akasema polepole: “Basi, bafundi betu ba jeshi batashona. Gauni pana, bila hizo pinsi. Weye usikate, usishone. Utatupatia etiketi tu. Makumi ine. Na mashini zako hakuna mwenye atazigusa.”

Hapo ndipo jambo lilipopata uzito wake kamili. Vipande arobaini vya kitambaa, kila kimoja upana wa kidole gumba. Hakuna mtu angekufa kwa sababu yake. Adeline alilifikiria, aliwaangalia mafundi wake, akafikiria watoto wao, na kwa muda wa pumzi mbili tatu hakujua mwenyewe atasema nini. Kisha alimwona Solange pale mlangoni. Solange hakuwa amekasirika. Alikuwa anangoja tu kujua miaka yote ile alikuwa akifanya kazi kwa mtu wa namna gani.

Adeline alikwenda kwenye rafu akashusha kopo la maziwa ya unga. Ndani yake mlikuwa na bunda la etiketi zilizofumwa Kampala kabla ya vita, zimebaki mia tatu na kitu. Rodrigue alinyoosha mkono. Adeline alipita mbele ya mkono ule, akafika kwenye meza ya kupigia pasi, akafungua mfuniko wa pasi ya makaa, akaweka bunda lote juu ya moto, akafunga. Moshi mweusi ukatoka kwenye matundu ya pasi.

“Zimeisha, komanda,” alisema.

Mkono ulionyooshwa ulirudi chini. Kisha Rodrigue akasema, “Chukua mashini zote.”

Askari waliingia. Wa kwanza alishika mashini kwa gurudumu.

“Hapana kwa gurudumu!” Adeline alipaza sauti, mara ya kwanza siku ile. “Itapinda! Kamata kwa chini, mikono mbili!”

Askari alishtuka akashika kwa chini, kwa mikono miwili, kama alivyoambiwa. Hivyo ndivyo mashini sita zilivyotoka, moja moja, kwa heshima, huku mwenye mali akisimama kando na kuelekeza. Mlango ulipigwa kufuli.

“Kuanzia leo,” alisema Rodrigue, “Adeline hayuko tena hapa Bunia.”

“Na weye lundi, na kitambaa yako, ulikuya kutafuta nani?”

Rodrigue alipanda gari. Gari likaondoka. Walikuwa wamebeba mashini, mikasi, hata pasi yenye moto, lakini karatasi za saruji ukutani hawakuziona kuwa ni kitu, na Solange alikuwa amezikunja zote chini ya kwapa kabla ya kufuli kufungwa.

“Twende kwangu, yaya,” alisema. “Sindano za mukono niko nazo.”

Walishona kwa mkono Jumamosi. Jumapili walikwenda misa. Jumatatu asubuhi redio ya mji ilisoma tangazo. Étienne, msomaji wa habari, kijana mwenye sauti nzito, alisoma karatasi aliyopewa: siku ya mkutano, akina mama arobaini watavaa nguo zilizobuniwa na mshonaji mashuhuri wa Ituri, Mama Adeline. Aliisoma saa moja, akaisoma tena saa sita mchana.

Kumbe etiketi hazikuwa na maana. Jina lilikuwa limechukuliwa hivihivi, mdomoni.

Alasiri ile Adeline alikwenda sokoni kununua uzi. Mama mmoja aliyeshonewa na Adeline gauni la arusi, na ambaye baadaye alizika kaka zake wawili kwa sababu ya wale watu wa kitambaa cha kijani, alikutana naye kati ya meza za maharage. Adeline alisalimia. Yule mama aliangalia maharage. Hakumtukana, hakutema mate. Alipita tu, na Adeline alibaki ameshika uzi wake mkononi, akahisi kitu ambacho kufuli halikumfanya ahisi.

Mama Chantal alimkuta amekaa kwa Solange. “Mi najua haiko kweli,” alisema. “Lakini nikiwaambia batu, banasema, weye muuza samaki, radio ndiyo inajua.”

“Kwetu pia bananiuliza,” alisema Solange. “Nasema hapana. Banasema radio imesema mara mbili.”

“Basi nitasema mbele ya radio,” alijibu Adeline.

“Batakuua, yaya!”

Adeline alifikiria hilo pia, taratibu. “Labda. Lakini kama ni kufa juu ya nguo, isikuwe nguo nisiyoshona.”

Jumatano, saa nne asubuhi, mbele ya lango la uwanja wa mpira, watu walikuwa wengi. Wengine waliitwa, wengine walisukumwa, wengine walikuja kuona wazungu wa kamera. Étienne alisimama na mikrofoni yake na kinasa sauti cha kaseti begani. Karibu naye alikuwa Hubert, mtu mzima mwenye suti ya kijivu, mkuu wa itifaki wa mkubwa, ameshika orodha ya wageni. Adeline alipita katikati ya watu pamoja na Solange na Mama Chantal. Alikuwa amevaa nguo yake ya kawaida ya kazi, pini bado zimepangwa kifuani.

Lori lilifika, akina mama arobaini wakateremka. Nguo zilikuwa pana kama magunia. Kwenye kamba, siku fundi wa jeshi alipozitundika ili Rodrigue azikague, uso ulionekana kuwa katikati ya mgongo. Lakini fundi yule alizoea kukata nguo za wanaume warefu. Juu ya miili ya wanawake hawa kila kitu kilikuwa kimeteremka mpaka chini ya kiuno.

Wa kwanza kuteremka alikuwa Régine, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye Adeline alimshonea miaka kumi na moja. Alipomwona Adeline aliinamisha kichwa kwa aibu.

“Étienne,” alisema Adeline, “mashini yako inazunguka?”

“Inazunguka, mama.”

“Ulisema kwa radio hii ni kazi yangu. Karibia basi, tuone pamoja.” Kisha kwa sauti ya chini: “Mwalimu, pardon. Ninaomba kuona pindo. Ukikataa, sitakasirika.”

Régine aliangalia askari wa kulia, akaangalia askari wa kushoto. Kisha akajigeuza mwenyewe, akainua ncha ya gauni mpaka chini ya goti, akaishika vizuri ili watu waone.

Adeline aliinama akaisoma ile nguo kama mtu anayesoma barua ndefu, bila haraka. “Pindo inapanda huku, inashuka huku, vidole viwili. Uzi ni mweupe juu ya kitambaa cha kijani. Kwapa imekatwa na mutu mwenye haraka. Mimi, Adeline, hii sikuipima, sikuikata, sikuishona. Na etiketi yangu haiko juu ya nguo yoyote hapa.”

“Eee! Hata mi ningeshona muzuri kuliko hii, na ninauza samaki!” alisema Mama Chantal, na watu wakacheka.

Askari mmoja alimshika Adeline mkono. “Weye mama, unatukana mukubwa!”

“Kwa mukubwa sijafika, mwanangu. Niko bado kwa pindo.”

Kicheko kilichofuata kilisikika mpaka ndani ya uwanja. Hubert aliangalia kamera za wageni, akaangalia saa yake. “Mumuweke pembeni mpaka mkutano uishe,” alisema. “Bila kumupiga.” Wakamkalisha juu ya gurudumu kuukuu la lori karibu na lango, askari mmoja mbele yake. Solange alikuja akakaa kando yake bila kuitwa.

Kutoka pale hawakuona kitu. Walisikia nyimbo, kisha hotuba, ndefu, kwenye vipaza sauti. Jua lilipanda. Akina mama arobaini walikuwa wamesimama mbele ya jukwaa muda wote ule, kila mmoja mbele ya kiti cha plastiki, kwa sababu hakuna aliyewaambia wakae. Ndipo mkubwa mwenyewe, akitaka kuonyesha moyo mwema mbele ya wageni, akakatiza hotuba.

“Lakini mama zetu bamechoka!” vipaza sauti vilisema. “Mama zetu, mukae! Mukae muzuri!”

Baadaye Régine alisimulia kwamba walitazamana. Kila mmoja alijua kitu kiko wapi. Yeye ndiye aliyekaa wa kwanza, akajiweka sawasawa, kama alivyoamriwa. Kisha wakakaa wote kwa pamoja, arobaini, juu ya uso wa mkubwa mara arobaini. Halafu mtu mmoja nyuma kabisa alicheka, na mwingine, na kicheko kikashuka ngazi za uwanja kikavuka lango kikamfikia Adeline juu ya gurudumu lake. Wazungu walikuwa wanapiga picha.

Haikupita nusu saa, Hubert alitoka mbiombio, na nyuma yake Rodrigue, shati limelowa. Watu walikuwa wamejazana langoni.

“Nani ameshona zile nguo?” Hubert aliuliza. “Mukubwa anataka jina. Sasa hivi.”

Rodrigue alinyoosha kidole. “Ni ule mama. Ni Adeline. Hata radio ilisema.”

Solange alimkamata Adeline kikwembe. Jina walilokuwa wakilitaka liwe taji lao, sasa walilitaka liwe mkosaji wao. Hubert alimtazama Adeline, akamtazama Étienne na kaseti yake, akawatazama watu pale langoni.

“Komanda,” alisema, “ule mama amesema hapa, mbele yangu, kabla mutu hajakaa, kwamba haiko kazi yake. Ameonyesha hata pindo. Batu bote bamesikia, na iko kwa kaseti. Niende kumuambia mukubwa nini? Kwamba mutu alikana kosa kabla ya kulifanya?”

“Alipanga!” Rodrigue alimgeukia Adeline. “Weye ulipanga hii yote!”

“Komanda,” alisema Adeline akiinuka, “kama ningepanga mimi, ingekaa muzuri.”

Hata Hubert alilazimika kukohoa. “Ninakuuliza mara ya mwisho. Ni kazi yake, ao haiko?”

Rodrigue aliangalia viatu vyake. Vumbi la uwanja lilikuwa limevipaka vyote. “Haiko,” alisema.

“Étienne, ilisikika?” Adeline aliuliza.

“Kidogo sana, mama. Batu banafanya fujo.”

“Basi rudilia, komanda. Na useme yote, hapana nusu.”

Ilikuwa saa saba mchana, jua kali, na watu zaidi ya mia mbili wamesimama. Rodrigue alikuwa na bastola kiunoni na askari sita nyuma yake. Étienne alisogeza mikrofoni mpaka karibu na mdomo wake.

“Zile nguo,” alisema Rodrigue, “haziko kazi ya Mama Adeline.”

“Aksanti,” alisema Adeline.

Hubert alimpa ishara aende. Adeline aliaga kila mtu kwa zamu, hata askari aliyemlinda, akashika barabara kuelekea mjini. Hakukimbia, ingawa Solange alikuwa anamvuta mkono. Watu walipisha njia. Mama yule wa kaka wawili alikuwa kati yao. Safari hii hakuangalia pembeni. Hawakuwa na mashini hata moja, mlango bado una kufuli, na hakuna aliyejua Rodrigue atafanya nini kesho yake, au ni kundi gani litakuwa limeshika mji mwezi ujao.

“Sasa tunaanza na nani?” aliuliza Solange.

“Na Régine,” alisema Adeline. “Mwalimu hawezi kurudi kwake na lile gunia.”